Zile rangi za maji moto Bogoria si kutu: nani anaishi wapi kwenye mkondo (uzi mrefu)

#1 Fundi Pipeti (mleta uzi)

Wakuu, habari za jukwaa. Mwezi uliopita nilivuka Namanga kwenda harusini Nakuru. Kesho yake, watu wakiwa bado wamelala kwa uchovu wa ngoma, shemeji akanipakia kwenye gari hadi Ziwa Bogoria, pale Loburu ambapo wageni huchemshia mayai kwenye chemchemi. Mayai tukachemsha, tukala na chumvi. Lakini macho yangu yalibaki kwenye kijito kinachotoka pale panapotokota kuelekea ziwani.

Kwenye jicho la chemchemi maji ni maangavu, chini mawe matupu. Ukishuka hatua kadhaa, pembeni mwa mawe panaanza utando mwembamba, manjano iliyopauka. Mbele yake rangi ya chungwa. Mbele zaidi kijani kilichokolea, kinene, kinateleza kama ngozi ya mbuzi iliyolowekwa. Nikamuuliza shemeji hizi rangi ni nini. Akajibu bila hata kugeuka: "Kutu na salfa."

Nilikuwa na kile kipimajoto cha sindano cha kuchomeka kwenye nyama (nyama ya harusi niliisimamia mimi, msiniulize zaidi). Jichoni kilisoma nyuzi 96 za Selsiasi. Msidhani hayo maji hayajachemka: ziwa liko karibu mita 990 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji hutokota kabla ya kufika 100. Utando wa kwanza niliukuta kwenye 60 hivi. Kijani kinene, 45. Karibu na ziwa, 38, na hapo ndipo visinzi vidogo (nzi wadogo wa majini) vilipojaa juu ya utando kama soko la Jumamosi.

Mtu wa Moshi ataelewa haraka. Ukipanda Kilimanjaro unaanza na mahindi, unafuata migomba na kahawa, unaingia msituni, unatokea kwenye vichaka, mwisho mawe na barafu. Kila mmea una mahali pake, na kutoka chini hadi juu ni safari ya siku kadhaa. Pale Loburu safari yote hiyo ni hatua kumi na tano. Kila rangi ni watu wake.

Ngoja ninywe chai, nakuja na sehemu ya pili.

#2 Kijana wa Kijiwe

Nimekaa pale. Mkuu, mayai yalichukua dakika ngapi?

#3 Fundi Pipeti

Kumi. Tuendelee.

Mtu aliyelifanya jambo hili liwe somo kamili ni Thomas Brock, Mmarekani, aliyefika kwenye hifadhi ya Yellowstone mwaka 1964. Wakati huo wengi waliamini maji yakipita nyuzi sabini na kitu hakuna kinachoishi humo. Brock alifanya kitu rahisi ambacho hata mimi ningeweza: alifunga vipande vya kioo vya darubini kwenye uzi, akavitumbukiza kwenye chemchemi zinazotokota, akaviacha siku kadhaa. Alipovitoa na kuvitazama, bakteria walikuwa wameota juu yake. Katika maji yanayochemka.

Kwenye chemchemi iitwayo Octopus Spring kuna nyuzinyuzi za rangi ya waridi zinazopeperuka ndani ya maji ya 82 hadi 88. Hao hawahitaji jua, wanaishi kwa kemikali zinazotoka ardhini. Ukishuka hadi kama 73 unakutana na wa kwanza wanaotumia mwanga, yaani usanisinuru. Juu ya hapo mitambo yao ya kunasa mwanga haishiki. Chini yake, mwani wa kijani unatawala hadi maji yapoe.

Sasa sehemu inayonihusu. Kwenye Mushroom Spring, mwaka 1966, Brock na mwanafunzi wake Hudson Freeze walichukua bakteria ambaye mwaka 1969 walimtangaza kwa jina Thermus aquaticus. Anapenda 70. Kwenye 40 anaona baridi, haendelei kukua. Kimeng'enya chake cha kunakili DNA kinastahimili kupashwa hadi 95 tena na tena, na ndicho kilichoifanya PCR, ile mbinu ya kunakili DNA mara nyingi, iwe kazi ya mashine. Kabla yake ilibidi uongeze kimeng'enya kipya kila mzunguko, maana cha zamani kilikuwa kimeshaiva. Wakati wa korona sisi wa maabara tulikesha na mashine hizo. Nilipokuwa nakodolea macho ule mchirizi wa Loburu nilikuwa najisemea: kumbe huku ndiko kwa wajomba.

#4 Mjukuu wa Marigat

Karibu kwetu ndugu. Kitu kimoja tu: hiyo Loburu uliyoiona si ile ya zamani. Ziwa limepanda sana miaka hii, barabara ya zamani imeingia majini na chemchemi nyingi ziko chini ya maji sasa. Tulipokuwa watoto tulikuwa tunahesabu zinazoruka. Sasa pengine unaona tu mapovu yanatoka katikati ya ziwa.

Na muwaambie watu wasikanyage ovyo. Kuna mahali ardhi ni ganda tu, chini yake ni maji ya moto.

#5 Chumvi ya Magadi

Fundi, uzi mzuri, lakini kuna mambo mawili nitakushika shati.

La kwanza: "mwani wa kijani unatawala" hapana. Unaowaona kwenye 60 si mwani. Ni sianobakteria: wana klorofili, wanatoa oksijeni kama mmea, lakini ni bakteria, seli yao haina kiini. Vitabu vya zamani viliwaita mwani wa kijani-samawati na jina likaganda midomoni. Mwani wenyewe, wenye kiini, unakomea kwenye 56 au 57. Maelezo ambayo Brock aliyapa uzito ni kwamba utando unaozunguka kiini na viungo vya ndani vya seli unavuja kwenye joto kubwa. Bakteria hana viungo hivyo, kwa hiyo hana cha kuvuja. Ndiyo maana ngazi ziko hivi: wanyama wanaishia kama 50, mwani 57, sianobakteria 73, na bakteria na arkea (vijiumbe visivyo na kiini kama bakteria, lakini wa ukoo mwingine) wasiohitaji jua wanaendelea hadi maji yachemke. Chini ya bahari, ambako shinikizo linazuia maji kutokota, kuna arkea aliyekuzwa kwenye 122.

La pili: hiyo 73 umeileta kama sheria ya dunia nzima, halafu wewe mwenyewe umepima 60. Hukushtuka?

#6 Fundi Pipeti

Nilishtuka, nikakilaumu kipimajoto cha nyama.

#7 Chumvi ya Magadi

Kipimajoto kinaweza kuwa na makosa yake, na wewe ulichomeka sehemu moja moja, kwa hiyo sijengi nyumba juu ya namba yako. Lakini hata kwa vipimo vizuri, chemchemi nyingi za dunia hazifiki 73. Sianobakteria wa joto hilo, jamii ya Synechococcus, wanajulikana kutoka magharibi ya Amerika Kaskazini. Huko Iceland, kuna chemchemi tele za moto na zenye kemia inayofaa, lakini utando wa kijani unaanzia kwenye 63 au 64, na anayeuanzisha ni mwingine kabisa, Mastigocladus, mwenye nyuzi na matawi. Nafasi iko wazi, aliye na uwezo wa kuijaza hajafika.

Kwa hiyo chemchemi za moto ni visiwa. Kati ya moja na nyingine kuna mamia ya kilomita za baridi, na kiumbe aliyezoea 70 akisafiri na vumbi au kwenye mguu wa ndege anaweza kufa njiani. Wamelinganisha DNA za sianobakteria wa chemchemi za Marekani, Japani, New Zealand na Italia, wakakuta koo zimetengana kulingana na mahali, si kulingana na kemia ya maji tu. Mlima Kilimanjaro wako ni mfano mzuri. Ongeza hili: mimea ya juu kule si ile ya juu Ruwenzori, ingawa baridi ni ile ile.

#8 Binti Songwe

Mimi ni wa Mbeya. Kwetu Songwe, karibu na lile pango la popo, kuna maji moto na mawe yaliyotuama kama keki, tabaka juu ya tabaka. Shuleni tuliambiwa ni chokaa. Pale pia kuna kijani na rangi ya chungwa, na kuna mahali panafuka harufu kidogo. Sasa swali: kama joto ndilo linapanga, kwa nini michirizi miwili iliyo jirani, yote ukiweka mkono unauondoa, rangi zake hazifanani?

#9 Chumvi ya Magadi

Dada, umeuliza swali ambalo watu wengi hawaulizi kwa sababu joto linaonekana na kuhisika, mengine hayaonekani. Maji yakitoka ardhini yanabadilika mambo manne au matano kwa pamoja huku yakishuka. Yanapoa. Yanapoteza hewa ya kaboni dioksidi, kwa hiyo yanazidi kuwa ya alkali, na kwenu Songwe hapo ndipo chokaa inapotuama na kuwa jiwe. Yanaingia oksijeni, maana maji yanayotokota karibu hayana oksijeni kabisa. Na salfidi ya hidrojeni, ile harufu ya mayai viza, inapotea hewani au inageuzwa na bakteria.

Hiyo salfidi ndiyo mchokozi. Kwa sianobakteria wengi ni sumu, inazuia usanisinuru wao. Kwenye Mammoth, Yellowstone, maji yana salfidi nyingi, na mahali ambapo ungetegemea sianobakteria unakuta utando wa Chloroflexus peke yake. Huyu anatumia mwanga lakini hatoi oksijeni, na salfidi kwake ni chakula. Chemchemi mbili zenye 60 sawasawa, moja ina salfidi na nyingine haina, zitakuwa na wenyeji tofauti. Yenye salfidi, kijani kitachelewa hadi chini mkondoni ambako harufu imekwisha.

Kwa hiyo pua yako ni kifaa. Fuata mchirizi, angalia harufu inakomea wapi na kijani kinaanzia wapi.

#10 Kijana wa Kijiwe

Nyie watu mnanusa maji ya moto kwa ajili ya bakteria. Mungu awabariki.

#11 Mzee Kobe

Nimefanya kazi Uganda miaka ya nyuma, nikafika Sempaya, Semuliki. Kuna chemchemi ya kike na ya kiume, wenyeji wa Bwamba wana hadithi zake, na watu wanachemsha mayai na ndizi. Sikuwahi kufikiri kuna anayeishi humo. Ninachotaka kujua ni hii: upande wa asidi je? Maana maji yote mnayotaja ni ya magadi.

#12 Chumvi ya Magadi

Shikamoo mzee. Upande wa asidi mambo yanapinduka. Sianobakteria, pamoja na ubabe wao wote, hawapatikani kwenye maji yenye pH (kipimo cha asidi, namba ndogo ndiyo asidi kali) chini ya 4. Brock alitembelea maeneo mengi ya asidi akiwatafuta, hakuwapata. Nafasi hiyo imechukuliwa na mwani wenyewe, hasa wa kundi la Cyanidium na Galdieria, ambao kwa nasaba ni mwani mwekundu ingawa kwa macho ni kijani cha samawati kinachong'aa. Wanaishi kwenye pH ya 2 na hata chini ya hapo, hadi 56. Kwa hiyo kwenye Nymph Creek, Yellowstone, kile kijani unachokiona kweli ni mwani. Fundi angekuwa sahihi kule.

Lakini tazama matokeo yake. Kwenye maji ya alkali mwanga unatumika hadi 73. Kwenye asidi unakomea 56, na kuanzia hapo kwenda juu hakuna anayelitumia jua. Wamebaki akina Sulfolobus, arkea wanaokula salfa kwenye 75 au 80 ndani ya asidi inayotoboa nguo.

Bogoria, Magadi na Natron ni upande wa magadi, pH ya ziwa Bogoria iko karibu 10. Hivyo kwa kanda yetu ukiona kijani kwenye maji ya moto, kwa kawaida weka dau kwa sianobakteria. Tofauti kubwa iko kaskazini, Dallol, Ethiopia: asidi karibu na sifuri, chumvi ya kupindukia, na joto, vyote mahali pamoja. Mwaka 2019 timu moja ilisema imepata arkea wadogo sana pale, na nyingine mwaka huo huo ikasema kwenye mabwawa makali kabisa hakuna uhai wowote. Mimi niko na wa pili. Chumvi, vumbi na mabaki ya kutoka nje vinaweza kuonekana kama seli kwenye darubini, na DNA ya mgeni huingia kwenye sampuli kirahisi mno. Fundi wa maabara atanielewa.

#13 Fundi Pipeti

Nakuelewa kwa machungu. Kontrol (sampuli ya kulinganishia) yenye maji matupu ikitoa majibu chanya, siku yote imeharibika.

Nimekubali kushikwa shati, nimesahihishwa. Lakini bado rangi ya chungwa haijaelezwa. Nilikuta jiwe moja limeinama juu ya mchirizi. Chini ya kivuli chake utando ni kijani, nje ya kivuli ni wa chungwa, na kipimajoto kinasoma karibu sawa. Joto halikuhusika, wala sidhani kuna salfidi inayokwepa kivuli.

#14 Chumvi ya Magadi

Hapo ni jua. Kijani ni klorofili, chungwa na manjano ni karotenoidi, jamii moja na rangi ya karoti na mafuta ya mawese. Jua likiwa kali, klorofili nyingi inageuka hasara, kwa hiyo seli inapunguza klorofili na kuongeza karotenoidi za kuikinga. Grand Prismatic, lile dimbwi maarufu la Yellowstone lenye pete za rangi, utando wake huwa wa chungwa zaidi kiangazi na kijani zaidi majira ya baridi. Sisi wa ikweta hatuna hayo majira, lakini tuna kivuli cha jiwe. Umeona vizuri kuliko wengi.

Na ukiukata huo utando kwa wembe (usiukate, iko hifadhini) utaona juu kijani, chini yake tabaka la chungwa la akina Chloroflexus wanaoishi kwa masalia ya wa juu. Ndani ya milimita chache kuna mteremko mwingine, wa mwanga na oksijeni. Mchana milimita ya juu imejaa oksijeni kupita kiasi, usiku inakwisha kabisa, na sianobakteria wale wale waliokuwa wanatengeneza oksijeni mchana wanaanza kuishi kwa kuchachusha akiba yao kama pombe ya mnazi.

Hata anayeonekana mmoja si mmoja. Synechococcus wa Octopus Spring kwa darubini wote ni vijiti vya kijani, huwezi kuwatofautisha. Kwa DNA wametengana: wa kwenye 70 si wa kwenye 60, wala wa kwenye 60 si wa kwenye 50. Kila mmoja na nyuzi zake chache.

#15 Mjukuu wa Marigat

Na zile sinzi? Maana kwetu ziko kila mahali, na ndege wanazifuata.

#16 Chumvi ya Magadi

Sinzi ni nusu ya hadithi, na mara nyingi ndiyo inayoachwa. Juu ya mkondo mpaka unawekwa na joto: nani anaweza kuishi. Chini ya mkondo mpaka unawekwa na mdomo: nani anakuliwa. Yellowstone kuna sinzi wa jamii ya Ephydra, wanatembea juu ya utando, wanataga mayai, na funza wao wanaula. Lakini funza hawawezi maji ya zaidi ya 40 hivi. Kwa hiyo kuanzia hapo kwenda juu utando unanenepa kwa raha, kwenda chini unaliwa, unatoboka, unabaki viraka. Halafu wako wadudu wadogo wekundu kama utitiri wanaokula mayai ya sinzi, na buibui wanaokula sinzi.

Huko Hunter's Hot Springs, Oregon, mlaji ni kidudu cha maji chenye magamba mawili kama chaza, kinavumilia hadi karibu 48. Juu ya hapo utando laini. Chini yake umebaki utando mgumu wenye vinundu vinavyong'ang'ania jiwe, kwa sababu laini umeshaliwa. Mtu akipima joto peke yake ataandika kwamba vinundu vinapenda 45. Havipendi. Ndivyo tu vinavyotafunika kwa shida.

Kwetu Magadi mlaji ni samaki. Perege mdogo, Alcolapia grahami, anakula sianobakteria kwenye madimbwi ya maji ya hadi karibu 42, pH 10. Mahali ambapo samaki wengine wangekufa kwa amonia yao wenyewe, huyu anatoa yurea, kama mimi na wewe. Na usitegemee kumkuta mbele ya mpaka huo hata kama chakula kiko tele sentimita mbili mbele yake.

#17 Kijana wa Kijiwe

Mkuu, hiyo PCR ilileta hela? Hifadhi ilipata ngapi?

#18 Fundi Pipeti

Haki za PCR ziliuzwa mwaka 1991 kwa dola milioni 300, kutoka kampuni ya Cetus kwenda kampuni ya Hoffmann-La Roche. Yellowstone haikupata hata nauli. Na sisi tunayo yetu: vijiumbe vya maziwa ya magadi ya Kenya vilitoa vimeng'enya vilivyotumika kupaushia jinzi, na mwaka 2004 shirika la wanyamapori la Kenya likalalamika kwamba vilichukuliwa bila idhini yake. Ukivaa jinzi iliyopauka, fikiria Bogoria.

#19 Ticha Kidato

Nimefuata uzi wote kimya kimya. Nafundisha baiolojia sekondari, kilomita chache kutoka chemchemi ndogo isiyotokota. Nataka kuwapeleka vijana. Tunaweza kufanya nini bila maabara?

#20 Chumvi ya Magadi

Ticha, anza na kibali. Kwa ziara ya kutazama, mwenye eneo anatosha. Mkichukua sampuli kwa utafiti ni tume za sayansi: COSTECH kwa Tanzania, NACOSTI kwa Kenya. Halafu fanya ya Brock: vipande vya kioo, uzi wa nailoni, mawe ya kuvizamisha. Weka kimoja kila baada ya hatua mbili kuanzia jichoni. Funika baadhi kwa chandarua cha matundu madogo ili sinzi wasifike, vingine viache wazi. Baada ya wiki mbili linganisha unene. Hapo vijana wataona kwa macho yao joto limefanya nini na mdomo umefanya nini. Karatasi za pH zinauzwa bei nafuu. Pua mnazo. Kipimajoto mnacho?

#21 Ticha Kidato

Cha maabara kilivunjika muhula uliopita. Kilichobaki ni cha homa, cha kioo, kwenye sanduku la huduma ya kwanza. Kinaishia 42.

#22 Chumvi ya Magadi

Usikitumbukize kwenye maji ya moto zaidi ya hapo, kitapasuka na zebaki itamwagika. Lakini 42 ndiyo hasa tunayoitaka, ticha. Anzieni chini, kwenye sinzi. Pimeni kwa uangalifu mkipanda, na mahali zebaki inapokaribia mwisho wa namba, chomekeni kijiti. Kisha waambie vijana wahesabu funza pande zote mbili za kijiti.

#23 Fundi Pipeti

Kipimajoto cha nyama nitakutumia kwa basi. Nitumie jina la stendi inboksi.